Kuwaka, Kulia, Kugoma: Milio ya Mashine na Historia ya Masikio katika Mji wa Kale wa Mombasa

Utangulizi

Historia ya Mombasa imeandikwa kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Anayeizuru Ngome ya Yesu huonyeshwa kuta zilizoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mizinga iliyoelekezwa baharini, vyombo vya kauri, na masalio ya merikebu Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ikaja kuchunguzwa chini ya maji na wanaakiolojia kati ya mwaka 1977 na 1980. Vyote hivyo huonekana, lakini havisikiki. Mzinga ulioko ngomeni leo ni chuma kilichonyamaza, na mgeni huondoka akijua urefu wake bila ya kujua uliwatia watu hofu ya namna gani.

Upungufu huu una sababu iliyo wazi. Sauti haiachi magofu. Hata baada ya Edison kubuni chombo cha kunasa sauti mwaka 1877, vyombo hivyo vilikuwa mikononi mwa watu wa mbali, na masikio yao hayakuwa masikio ya mkazi wa Kibokoni au wa Mkanyageni. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua jinsi mashine zilivyosikika zilipoingia kisiwani kwa mara ya kwanza hana budi kutafuta hifadhi nyingine. Hifadhi hiyo ipo, nayo ni lugha yenyewe.

Makala haya yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kueleza kuanza na kukoma kwa vyombo vya safari na mitambo, kwa kuutazama Mji wa Kale wa Mombasa na ngome yake. Hoja inayotetewa ni kwamba katika lugha hii, kuanza na kukoma kwa mashine hakukuchukuliwa kuwa jambo la chuma peke yake. Kulipewa vitenzi vya moto, vya kilio, vya uhai na vya hiari. Vitenzi hivyo ni ushahidi wa kihistoria wenye uzito sawa na ule wa barua za mabalozi, kwa kuwa vinatuambia jambo ambalo barua hizo hazikulisema: mashine ilimaanisha nini kwa yule aliyeisikia bila ya kuimiliki.

Chombo kabla ya mtambo

Ni vema kuanza na safari isiyokuwa na mashine. Kwa karne nyingi, vyombo vilivyotia nanga chini ya ngome viliendeshwa kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Chombo cha tanga hakina mlio wake cha kuanzia. Sauti ya kuondoka ilitoka kwa watu: amri ya nahodha, nyimbo za mabaharia wakivuta henza ili foromali ipande, na mkwaruzo wa nanga ikitolewa majini. Sauti ya kufika nayo ilikuwa ya watu. Tanga lilituliwa, kamba zikarushwa, salamu zikapokewa pwani. Msamiati wa fani hii ni mpana mno, na Ahmed Sheikh Nabhany aliuhifadhi kwa nadhamu katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979.

Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba msamiati huo haukufa ulipokuja mtambo, bali ulihamia humo. Waandishi wa magazeti na wasimulizi wa hadithi husema kwamba gari moshi limeng'oa nanga, ingawa reli haina nanga. Ndege hutua, kwa kitenzi kilekile kilichotumika kwa tanga, kwa mzigo wa kichwani na kwa jua la magharibi. Mwanafunzi wa fasihi ataliona hili kuwa sitiari iliyochakaa. Mwanahistoria anapaswa kuliona kuwa ni ushahidi wa mfuatano: jamii iliyokwisha kuwa na lugha kamili ya safari iliupokea mtambo kama chombo kingine miongoni mwa vyombo. Mgeni ndiye aliyevishwa nguo za mwenyeji.

Mizinga ya 1875 na mipaka ya utenzi

Mtambo wa mvuke, hata hivyo, haukuja kisiwani kwa biashara pekee. Mnamo Januari 1875 manowari mbili za Uingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga mizinga Ngome ya Yesu ili kumtoa akida Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, aliyekuwa ameasi amri za Sultani Barghash wa Zanzibar. Zote mbili zilikuwa meli za injini ya mvuke zilizobeba matanga pia. Ngome iliyowahi kuhimili mazingira ya takriban miaka mitatu, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, safari hii haikumlinda mtetezi wake, naye akida alisalimu amri.

Kisa hiki kilitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud al-Mazrui, na utenzi huo ukatolewa na Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950 katika kitabu chake kuhusu al-Akida na Ngome ya Yesu. Mtunzi alikuwa wa ukoo ulioitawala Mombasa hadi mwaka 1837, Sayyid Said alipouondoa madarakani. Mizinga aliyoisimulia iliangukia kuta ambazo jamaa zake walizikalia kwa takriban karne nzima. Kwa hiyo utungo huu una uchungu wa nyumba, wala si habari ya vita tu.

Je, utenzi kama chanzo cha historia unatupa sauti? Jibu ni kwamba unatupa hukumu ya sauti zaidi ya mlio wenyewe. Bahari ya utenzi, yenye vipande vinne vya mizani nane nane katika kila ubeti, haina nafasi kubwa ya tanakali, yaani maneno yanayoigiza mlio kama vile pu, ndi au kwi. Tanakali huishi katika masimulizi ya mdomo, ambako msimulizi ana uso, mikono na pumzi za kuisindikiza. Katika tenzi za vita, mzinga aghalabu hulia au huvuma. Hali ni hiyo kwa vita vya Mrima vya 1888 na 1889, ambavyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi wake, na ambamo miji ya pwani ilipigwa na manowari za Wajerumani kutoka baharini.

Lakini kitenzi kulia kisipuuzwe. Katika Kiswahili mtoto hulia, ndege wa mwituni hulia, kengele hulia, na mzinga hulia. Lugha haikutenga sauti ya chuma na sauti ya kiumbe. Kwa mwenye kusikia, ulimi mmoja unajumuisha mlio wa silaha na kilio cha aliyepigwa nayo, na mtunzi hodari anaweza kuziacha maana hizo mbili zikae pamoja bila ya kuongeza neno. Kilichopotea kwa kukosekana tanakali kinafidiwa na upana wa kitenzi.

Toroli na gari moshi

Miaka ishirini baada ya mizinga hiyo, chuma kilikuja kukaa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ndani ya kisiwa chenyewe palikuwa na reli nyingine ndogo, ambayo juu yake vigari vya toroli vilisukumwa na watu kati ya Mji wa Kale na Kilindini, mpaka magari ya moto yalipovipokonya kazi katika miaka ya 1920. Toroli ni mfano wenye mafunzo. Magurudumu yake yalikuwa ya chuma na njia yake ya chuma, lakini injini yake ilikuwa miguu ya mtu. Ilianza pale msukumaji alipojitutumua, na ilisimama pale alipochoka au alipoamriwa. Abiria aliyeketi kivulini alisikia chuma mbele na pumzi nyuma.

Gari moshi nalo liliwapa wakazi mlio ambao haukuwa na mfano wa awali. Kilele chake kilikuwa katikati ya miaka ya 1950, zilipoletwa injini 34 za Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Injini ya aina hii ilikuwa na jozi mbili za mitambo zilizolishwa na birika moja la mvuke. Kwa hiyo ilipong'oka ilitoa pumzi mbili. Pumzi hizo zilipatana kwa muda, zikaachana, kisha zikapatana tena. Injini za dizeli zilizozirithi zilinguruma kwa mfululizo mmoja usiokuwa na pumzi. Mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa, stesheni yake ya abiria iliwekwa Miritini, nje ya kisiwa, na treni ya zamani ya abiria ikaacha kuondoka mjini. Hivyo sauti iliyopima jioni za Mombasa kwa zaidi ya karne moja ilikoma, na haikuimbiwa tanzia.

Jina la jicho na jina la sikio

Majina ya mashine yenyewe yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni majina ya jicho. Gari moshi limeitwa hivyo kwa kile kilichoonekana kikitoka dohanini. Ndege imeitwa hivyo kwa mbawa zake. Kifaru cha vita kwa umbo na ngozi yake. Kundi la pili ni majina ya mkopo: manowari, treni, na meli, neno lililotokana na jina la Kiingereza la barua zilizobebwa na vyombo hivyo. Kundi la tatu, ambalo ndilo kiini cha sehemu hii, ni majina ya sikio: pikipiki, tukutuku, bombomu.

Majina ya sikio hayakupangwa na kamati. Pikipiki ni injini ndogo inayodunda kwa haraka. Anayelitamka jina hili huiwasha mashine kinywani mwake. Tukutuku lina kina zaidi, kwa kuwa lugha ina neno la sauti ya karibu nalo kwa maana ya kutotulia, na mpaka leo mtoto asiyekaa kitako huitwa mtukutu. Pikipiki ilipoitwa tukutuku haikupewa jina tu, bali ilipewa tabia. Bombomu, bunduki ya rasharasha, inabeba kumbukumbu ya ukoloni katika silabi zake: wale waliolitunga jina walikuwa wakiisikia kutoka upande wa mbele wa mtutu.

Hapa tahadhari inahitajika. Si kila neno lenye uradidi ni tanakali. Bodaboda lina mdundo wa pikipiki lakini asili yake ni mpaka wa nchi, walikobebwa abiria kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Kinyume chake, tuktuk ya magurudumu matatu, inayopita leo kati ya ngome na vichochoro vya Mji wa Kale, imekuja na jina la mlio kutoka Asia. Jina hilo lilipofika pwani lilikuta tukutuku limekwisha kukaa kwenye kamusi. Milio miwili ya mabara mawili ikakutana katika neno moja, na ni vigumu kwa msikilizaji wa kawaida kulihesabu kuwa la kigeni.

Neno stima nalo lina safari yake. Liliingia kama jina la meli ya mvuke. Baadaye, katika Kiswahili cha Kenya, likawa jina la umeme, ambao Mombasa iliundiwa kampuni yake mwaka 1908. Mvuke haukuonekana tena, lakini nguvu isiyoonekana ilibaki na jina la ile iliyowahi kupiga kelele. Nabhany, kwa upande wake, alipendekeza njia nyingine ya kuunda istilahi. Runinga, neno lake la televisheni, limejengwa kwa rununu, yaani habari inayosikika kutoka mbali, na maninga, yaani macho. Njia hii ya mwanachuoni na ile ya pikipiki zimezoea kushindanishwa. Zinaafikiana kuliko inavyodhaniwa, kwani katika zote mbili sikio limeachiwa mlango.

Kuwaka na kugoma

Baada ya majina, vitenzi. Gari huwashwa na huzimwa, kama taa na kama jiko. Likishindwa huzimika, na likishindwa kabisa hufa. Likiwa zima husemwa lina moto. Lugha nyingine husema mashine imeanza au imesimama, na hutosheka na mwendo. Kiswahili hutazama ndani, kwenye moto uliofungwa katika chuma, na kwa hiyo kukoma kwa mashine ni kuzimika kwa kitu kilichokuwa hai.

Kitenzi chenye uzito mkubwa zaidi ni kugoma. Gari lisilotaka kuwaka limegoma. Mfanyakazi asiyetaka kwenda kazini amegoma. Neno moja linaubeba ukaidi wa chuma na uamuzi wa mtu. Tarehe 13 Januari 1947, Mombasa ilizishuhudia maana hizo mbili kwa wakati mmoja. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waliacha kazi kwa ajili ya mishahara na maisha magumu yaliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Walikusanyika katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Shirikisho lao la wafanyakazi likapata kiongozi katika Chege Kibachia, ambaye kabla ya mwaka huo kumalizika alikamatwa na kupelekwa mbali na pwani.

Wanahistoria wamelieleza tukio hili kwa hesabu za mishahara na kwa maazimio ya mikutano. Kwa mtazamo wa makala haya, lilikuwa pia tukio la sauti. Mashine za bandari na za reli hazikuwa na kasoro yoyote. Makaa yalikuwapo na mafuta yalikuwapo. Zilinyamaza kwa sababu mikono iliyozoea kuziwasha ilikunjwa. Ukimya huo ulifichua lile ambalo mngurumo wa kila siku uliuficha: kwamba mlio wa mtambo ulikuwa, tangu awali, mlio wa kazi ya watu. Msukumaji wa toroli alikuwa bado yumo ndani ya injini, ila hakuonekana. Lugha ilikuwa inalijua jambo hili kabla ya wataalamu wa uchumi, maana ilikuwa na kitenzi kimoja kwa wote wawili.

Fasihi ya pwani imelirudia swali la nani ana mamlaka ya kuwasha na kuzima. Katika riwaya ya Walenisi (1995), Katama Mkangi anamtia mhusika wake mkuu, Dzombo, katika chombo cha kurushwa angani kilichokusudiwa kuwa kifo chake. Aliyehukumiwa anafaulu kukiongoza, na chombo kinamfikisha katika nchi nyingine iliyo huru. Mkangi alikuwa ametiwa kizuizini bila ya kushtakiwa katika miaka ya 1980, na alijua kwamba mtambo wa dola hulia kwa namna moja kwa aliyeuwasha na kwa namna nyingine kwa aliyefungiwa ndani yake. Ngome ya Yesu yenyewe, iliyokuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958 kabla ya kufanywa makumbusho mwaka 1960, ingeweza kutoa ushahidi uleule kwa kila komeo lake.

Sauti za bure

Suala hili limepata uzito mpya katika zama zetu. Anayetayarisha mchezo wa redio kwa Kiswahili, au maonyesho ya sauti na mwanga ya aina iliyowahi kuandaliwa ngomeni kwa ajili ya wageni, hahitaji tena kwenda stesheni na kinasa sauti. Milio ya magari yakiwaka, ya treni zikifunga breki na ya mitambo ikizimwa hupatikana bila malipo. Mwaka 2018 shirika la BBC lilifungua hifadhi yake ya sauti zipatazo 16,000 kwa matumizi ya kibinafsi, ya elimu na ya utafiti. Hazina hiyo ni ya kushukuriwa, na si busara kuikataa kwa sababu ya utaifa peke yake.

Hata hivyo, sauti ya bure ina gharama yake. Rekodi huhifadhi mashine, haimhifadhi msikilizaji. Matatu ya Mombasa haiondoki kwa sababu injini imewaka. Huondoka makanga anapopiga kiganja juu ya bati la gari, na husimama kwa pigo la kiganja hichohicho. Mtayarishaji akichukua gari lililorekodiwa katika barabara ya Uingereza, atapata injini na kukosa kiganja. Mchezo utasikika, lakini utakuwa umehamia nchi nyingine bila ya hadhira kuambiwa. Vivyo hivyo, mvuke wowote hauwezi kuwa mvuke wa Garratt yenye pumzi mbili, wala ukimya wowote hauwezi kuwa ukimya wa Januari 1947.

Kutokana na hayo, kazi mbili zinawangoja wanafunzi wa fasihi. Ya kwanza ni kukusanya tanakali na vitenzi vya mashine kutoka kwa makuli wastaafu, madereva, mabaharia na mafundi, pamoja na mazingira ya matumizi yake, kabla ya wasemaji hao kutoweka. Kamusi hutoa maana ya neno, lakini haisemi lilitamkwa na nani mlio ulipopita. Ya pili ni kuiacha dharau ya kuiona tanakali kuwa pambo la hadithi za watoto. Tanakali ni rekodi iliyonaswa kwa kinywa, na mara nyingi ndiyo rekodi pekee tuliyo nayo ya watu wasiomiliki vyombo vya kunasa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Mji wa Kale wa Mombasa uliupokea mtambo kwa lugha ya chombo cha tanga, ukaitafsiri mizinga yake kwa kitenzi cha kilio, ukazipa baadhi ya mashine majina ya sikio, na ukakitumia kitenzi kimoja kwa injini inayokataa na kwa mfanyakazi anayekataa. Utenzi wa al-Akida, mgomo wa 1947 na riwaya ya Mkangi ni mambo ya zama mbalimbali na ya tanzu mbalimbali, lakini yote yanauliza swali moja: mlio huu ni wa nani? Mizinga ya ngomeni haitalia tena, na treni ya abiria imekwisha kuhama kisiwani. Vitenzi bado vimo vinywani mwa wenye mji. Fundi wa pikipiki aliyechutama kando ya ukuta wa Wareno, akiikanyaga mashine isiyotaka kuwaka, bado husema kwamba imegoma.